Muuza nyama wa Sombetini anayepika damu

Jua la asubuhi limeshayapasha mabati ya Sombetini, na kwenye kamba ya nguo nyuma ya bucha moja imeanikwa mikono ya watu. Miwili ni ya kulia, mmoja wa kushoto, na mmoja hata aliyeutengeneza hana uhakika nao. Pembeni yake inaning'inia sare ya shule.

Jamaldini, mwenye umri wa miaka 41, anauminya mkono mmoja kuona kama umekauka. Jirani anapita na ndoo ya maji kichwani, anatupa jicho kwenye kamba na kusema, "Za asubuhi, Baba Nusura. Naona leo umevuna." Kisha anaendelea na safari yake.

Mikono hiyo imetengenezwa kwa sponji la godoro kuukuu, ikavishwa glovu za mpira na kupakwa gundi iliyochanganywa na unga wa ngano. Ikishapigwa rangi itakwenda kukatwa mbele ya kamera.

Kwa wateja wake, Jamaldini ni muuza nyama, mtoto wa marehemu Mzee Saadi aliyefungua bucha hapa wakati sehemu kubwa ya Sombetini ingali mashamba ya mahindi. Lakini kwa wapenzi wa filamu za kutisha na kuchekesha, zile za bajeti ya kuungaunga zinazotengenezwa na vijana wa Arusha, yeye ni Mzee wa Damu. Kila koromeo linalokatwa na kila utumbo unaomwagika kwenye filamu hizo umepita mikononi mwake.

Wageni wakisikia kwamba ni muuza nyama, hujipa jibu wenyewe: kumbe ndiyo maana, damu anayo ya bure!

"Hapo ndipo wote wanapokosea," anasema huku akifuta mikono. "Tangu nianze, hata tone la damu ya ng'ombe halijaingia kwenye muvi zetu. Damu ni najisi. Nimmwagie mtu kichwani, halafu adhuhuri akaswali vipi?"

Alivyoingia kwenye kazi hii ni kichekesho peke yake. Miaka sita iliyopita alifika buchani kijana mmoja wa Sakina aitwaye Ebenezer, mpiga picha za video za harusi. Alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye sherehe, suti imemkaa, mkononi ana ndoo tupu.

"Aliniambia, 'Shikamoo kaka, naomba damu lita kumi.' Nikajua huyu ametumwa na mganga. Nikamwambia hapa tunauza nyama, hayo mambo yenu pelekeni mbele."

Ebenezer akaapa kwamba hakuwa na mganga wala mgonjwa. Alikuwa na kamera, marafiki wenye muda, na hadithi ya bwana harusi anayeliwa na wakwe zake. Kilichokosekana ni damu. Jamaldini, ambaye ujana wake aliumalizia kwenye vibanda umiza, yale mabanda ya video ya mitaani, alimtazama kijana yule na moyo ukamlainika. Filamu za mapenzi zilikuwa zikimpa usingizi tangu zamani, ila za misukule hakuwahi kukosa hata moja.

"Nikamwambia acha ndoo, rudi kesho."

Usiku ule alichemsha maua makavu ya rozela mpaka yakatoa wekundu wake wote. Akaupa uzito kwa unga wa muhogo, akatia kahawa kidogo ya miteremko ya Meru ili wekundu ukolee ufanane na wa damu, kisha sukari ya kuleta mng'ao. Hadi leo hajabadilisha chochote. Utumbo anaujaza kwenye soksi ndefu za kike. Sauti ya mfupa unaovunjika ni muwa, unaovunjwa karibu na maikrofoni, na baada ya hapo muwa huliwa.

Kwa siku moja ya kurekodi analipwa shilingi elfu thelathini, zikipatikana. Zisipopatikana, kuna wali na shukrani.

Sukari ndiyo iliyowapa umaarufu. Siku moja walikuwa Kisongo, kwenye uwanda wa nyasi, wakirekodi kundi la misukule linalomfukuza kijana mmoja. Misukule ilitakiwa itembee polepole, macho yamelegea. Mpishi wa damu alikuwa amezidisha utamu, na nyuki wakasikia harufu. Misukule ikatimua mbio, ikampita hata yule kijana ambaye ilikuwa ikimfukuza, mmoja wao akipiga kelele za kumwita mama yake. Ebenezer hakuzima kamera.

Sasa kwenye kibanda umiza kilicho jirani na bucha, ikifika sehemu hiyo watu husimama kwenye mabenchi. "Rudisha! Rudisha!" wanapiga kelele, na mwenye banda hana budi kurudisha.

Kukaa humo Jumamosi mchana ni kuelewa kwa nini filamu hizi zina watu wake. Hakuna anayetishika. Watazamaji wanajua mapema nani atakufa na kwa kifaa gani, na wanasema maneno ya wahusika kabla wahusika wenyewe hawajafungua mdomo. Ukionekana uzi unaovuta kichwa kilichokatwa, ndipo makofi yanapozidi. Zaidi ya yote wanampenda Simel, Mwarusha mrefu anayeendesha bodaboda, ambaye hajawahi kumaliza filamu akiwa hai. Akitokeza tu kwenye kioo, hata kama anakunywa chai, ukumbi mzima humpa mkono wa rambirambi: "Pole, Simel!"

"Machalii wananisimamisha barabarani," anasema Simel, akishindwa kuficha fahari yake. "'Bro, safari hii unakufaje?' Kuna abiria wananipandia kwa ajili ya hilo tu, aisee."

Marta, muuza chipsi wa mtaa huohuo, hakosi. "Mimi siku nzima nimesimama mbele ya mafuta ya moto, huyu anataka kavu, yule anadai pilipili," anasema. "Nikija hapa namkuta mtu anakimbizwa na utumbo wake mwenyewe. Natoka mwepesi. Shida zangu nakuta ziko palepale, ila zimepungua ukubwa."

Jamaldini naye ana maelezo yake, na huyatoa kwa uzito wa mtu anayepima kilo. "Damu kidogo inatisha, kwa sababu inafanana na ya kweli. Lakini mtu akikatika kidole, damu ikaruka mpaka dari, jirani akaja na mwavuli, hapo hata kifo kinaona aibu."

Hata hivyo, mwaka jana mchezo huo nusura umtokee puani.

Ebenezer alikuwa amebuni hadithi aliyoiita "Nyama Imegoma". Ni ya muuza nyama anayewachinja wateja wote wanaosema "ongeza kidogo" baada ya mizani kutulia. Mwigizaji aliyepangiwa kazi hiyo ni dereva wa watalii, na asubuhi ya kurekodi aliitwa porini. Bucha lilikuwa limefungwa kwa siku hiyo, gogo la kukatia nyama limefunikwa kwa turubai, na Simel ameshapakwa damu mpaka masikioni. Basi Jamaldini akavaa koti jeupe la marehemu baba yake, akashika shoka na kuingia mwenyewe mbele ya kamera.

Kibao cha nje, chenye maandishi makubwa "Bucha la Mzee Saadi", walikifunika kwa blanketi ili kisijulikane. Shoka liliposhuka, upepo wa Meru ukalinyanyua blanketi, kibao kikabaki wazi nyuma ya kichwa cha Simel.

Ebenezer aliligundua hilo wakati wa kuhariri. Kurudia hakuwezekana, kwa kuwa ile ilikuwa ndoo ya mwisho ya damu, na tena ilikuwa imeruka vizuri kuliko siku zote. "Nikajiambia, mtu anakatwa kichwa, nani atakuwa na muda wa kusoma kibao?" anasema, na kushika kichwa chake mwenyewe. "Kumbe watu wote walisoma kibao."

Watu waliipenda filamu hiyo. Ilipita kwenye vibanda, ikaingia kwenye simu, ikavuka Sakina. Mwanzoni wateja walikuja na utani: "Jama, hii ya leo ilikuwa inaitwa nani?" Baadaye utani ukaisha, na wateja nao wakaanza kuisha. Ng'ombe aliyekuwa akimalizika kwa siku mbili akawa anabaki akimwangalia mwenye bucha. Wasichana wa kazi waliokuwa wakitumwa kwake kila asubuhi wakawa wanapita upande wa pili wa barabara, vikapu vimebanwa kwapani. Hata Marta, shabiki wa misukule, alianza kununua nyama ya mishkaki yake kwingine.

Aliyeumia kuliko wote ni Bi Swabaha, mama yake Jamaldini, mjane aliyezaliwa Kondoa na kuishi Sombetini zaidi ya nusu ya maisha yake. Chumba chake kinatazama mlango wa bucha, na kila jioni aliiona nyama iliyobaki ikishushwa kutoka kwenye kulabu.

"Nilimwita nikamkalisha," anasimulia mama huyo. "Nikamwambia, mwanangu, baba yako alikuwa akisema nyama ni uaminifu, kwa sababu mnunuzi hakumwona ng'ombe. Sasa wewe umeuchezea ule uaminifu. Kama ni bucha, liwe bucha. Kama ni misukule, iwe misukule. Chagua."

Alichagua bucha. Alimpigia Ebenezer simu na kumwambia atafute mtu mwingine wa damu. "Nilitumia simu kwa sababu uso kwa uso ningelia," anakiri. "Nilikuwa naipenda ile kazi. Naipenda mpaka naona haya kusema."

Lakini kuacha hakukurudisha hata kilo moja. Wiki zilipita, na bucha likazidi kupwaya. Ndipo Marta alipokuja mlangoni, si kununua. Alisimama pale akizungushazungusha pochi, kisha akauliza, "Jama, niambie ukweli. Ile damu ulitoa wapi?"

Jamaldini anasema maneno yale yalimwondolea pazia machoni. Siku zote alidhani watu wanaogopa shoka lake. Kumbe kuhusu mauaji kila mtu alijua ni maigizo. Walichoogopa ni kwamba damu ilikuwa ya kweli, na kwamba imemwagwa palepale inapokatwa nyama ya watoto wao. Kama wageni walivyokuwa wakijipa jibu, mtaa wake nao ulikuwa umejipa jibu hilohilo, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwonyesha mtu sufuria yake.

Jumamosi iliyofuata, mchana kweupe, aliweka jiko mbele ya bucha. Akamwaga rozela, akakoroga unga wa muhogo, na kila alichotia alikitaja kwa sauti kama mnadi wa mitumba. Watu wakaanza kusogea. Simel akaitwa, akavuliwa shati, akakatwa mkono wa sponji mara kadhaa huku akijililia kwa Kimaasai, mwishoni akalala chini kama maiti, na kila aliyesimama akaona damu inavyopanda kwenye mpira wa dripu uliofichwa kwapani. Vicheko vikaanza kwa watoto, vikahamia kwa mama zao.

Marta alikuwa amekunja mikono kifuani. "Na ule utumbo?" akauliza. Jamaldini akauvuta utumbo kutoka kwenye beseni, akaupasua, sponji likaruka nje.

Bado kuna waliosita. Rangi ni rangi, wakanong'ona, unajuaje hajachanganya?

Hapo pazia la chumba likafunguka na Bi Swabaha akatoka, mtandio wake umekaa sawasawa. Watu wakampisha. "Shikamoo, bibi," wakasema mmoja baada ya mwingine, naye akaitikia marahaba bila kumtazama yeyote, maana macho yalikuwa kwenye sufuria. Alimwomba mwanawe kijiko. Jamaldini alimpa.

Bi Swabaha akasema bismillahi na kuonja.

"Sukari imezidi," akasema.

Kicheko kilichopasuka hapo, anasema Simel, kilimfanya asahau kwamba yeye ni maiti, akaamka. Watu waliomba vijiko. Marta alinunua kilo mbili palepale, na kabla jua halijazama kulabu zilikuwa tupu. Tangu siku hiyo wapo wanaotoka hadi Sakina kuja kununua nyama kwa muuaji wanayemfahamu, na hakuna anayethubutu kusema "ongeza kidogo" bila kucheka.

Jamaldini amerudi kwenye kazi ya damu, safari hii kwa ridhaa ya mama yake, na mwezi ujao kundi la Ebenezer linaingia kwenye filamu mpya, itakayorekodiwa chini ya Mlima Meru. Hatakuwa tena na ndoo moja ya mwisho: yeye na Ebenezer wamenunua pipa. Ndoto yake ni kufungua chumba cha ufundi pembeni ya bucha, ambako vijana watajifunza kutengeneza majeraha, vichwa na matumbo, na mlango wake utabaki wazi ili kila mpita njia aone.

Ila kuna jambo moja linalompa shida mwongozaji. Bi Swabaha ametaka nafasi. Ametoa na masharti yake: mtandio usimtoke kichwani, asife mapema, na akishakufa aruhusiwe kufufuka ampige muuza nyama. Ebenezer alijaribu kumshawishi aigize bibi mwema anayebaki hai mpaka mwisho.

Hakutaka kusikia.

"Nimemzika mume wangu, nimewazika na kaka zangu wawili," anasema Bi Swabaha. "Kila msiba nimelia, na wa kwangu nao watu watalia siku ikifika. Lakini kabla ya huo wa kweli, nataka nife mara moja watu wacheke, na mimi niwepo niwasikie."