Machungwa Yaliyokwama Kasumulu

Niliondoka Sinza kwa sababu ya taarifa ya habari. Shabani, dereva wangu, alikuwa ameshapita Iringa na fuso la machungwa ya Muheza, anaelekea Malawi, redio iliposema Malawi imezuia mazao yetu kuingia kwao, na sisi tumejibu kwa kuzuia ya kwao. Nilizima jiko wali ukiwa bado mbichi. Biashara yangu yote ilikuwa ndani ya lile fuso.

Stendi ya Mbezi, alfajiri, nilipata kiti cha nyuma kwenye basi la Kyela. Mwalimu mmoja wa Tukuyu, aliyekaa pembeni yangu, alinituliza kwamba nchi hizi zimesaidiana tangu zamani, kwamba bandari yetu wanaitegemea, na kwamba wakubwa watakaa chini yaishe. Mimi nilitaka kujua yataisha lini, kwa sababu niliagiza machungwa yaliyoiva kabisa. Wanaopeleka mbali huchuma yakiwa bado magumu. Lakini miaka yote tulikuwa tunapita mpakani kama mtu anayeingia kwa jirani kuomba chumvi, nikajisahau.

Tulipoanza kupanda Kitonga, simu ya Shabani ikapatikana. Alikuwa ameshafika mpakani Kasumulu, foleni ya malori haisogei, na jua linawaka juu ya turubai. Kuanzia hapo sikuona tena milima wala mashamba. Niliona machungwa tu.

Kasumulu, asubuhi iliyofuata, harufu ilinipokea kabla ya Shabani. Tulifunua turubai tukakuta ya chini yameanza kulainika. Nilikaa chini karibu na tairi nikalia, na sioni aibu kulisema.

Ndipo Mama Tawonga akaja kwa miguu kutoka ng'ambo ya daraja la Songwe. Ni mteja wangu wa Karonga, Malawi, miaka mingi ananunua mzigo mzima. Watu walikuwa wanaruhusiwa kuvuka, mazao ndiyo hapana. Karanga zake nazo zilikuwa zimekwama upande wa pili, zisije kwetu. Nikajua amekuja kuniaga. Alibonyeza machungwa mawili matatu, akavua viatu.

"Dada, usingoje," akasema. "Mawaziri wakikutana wiki ijayo, hizi machungwa zitakuwa maji. Tuuze hapahapa."

"Tumuuzie nani? Mie huku simjui mtu."

"Mimi nawajua."

Akapanda juu ya fuso, akaanza kunadi kwa Kingonde, lugha ya kwao. Wanyakyusa wa Kyela wanakisikia vizuri, maana ni ndugu waliogawanywa na mto. Wanawake wakaja na ndoo. Mimi mwenye nchi yangu sikuelewa hata neno moja, kazi yangu ikawa kujaza ndoo. Nilimwamkia bibi mmoja, akaitikia marahaba, kisha, kama Mama Tawonga alivyonitafsiria, akamuuliza huyu mgeni wake amemtoa nchi gani. Tulicheka wote. Tangu Sinza sikuwa nimecheka.

Jioni fuso lilikuwa limebaki na yaliyooza tu. Faida sikupata, ila niliokoa cha kuanzia tena. Nilimjazia Mama Tawonga mfuko wa machungwa mazuri awapelekee watoto. Darajani, ofisa akamwambia kwa upole kwamba haiwezekani, hata moja. Alirudi akaketi ukingoni upande wetu, akamenya, akala manne mfululizo, maji yakimchuruzika hadi kwenye viwiko. Nikamwambia atavimbiwa. Nikamwonyesha bomba la maji anawe.

Akakataa. "Mtoto wangu wa mwisho anapenda sana machungwa. Atanusa mikono."

Akavuka hivyohivyo.

Sinza, siku chache baada ya kurudi, tukasikia wakubwa wamezungumza na mpaka umefunguliwa. Majirani walikuja kunipongeza kama vile mimi ndiye niliyekwenda kwenye mazungumzo. Kumbe urafiki wa nchi unaweza kuzimwa fuso likiwa njiani, ukawashwa tena, na watu kama mimi na Mama Tawonga tusiulizwe mara zote mbili. Alipopiga simu kuomba mzigo, sikusita. Niliogopa, lakini sikusita.

Ninapoandika haya Shabani yuko barabarani. Mama Tawonga ameshamwambia mtoto kwamba machungwa yanakuja, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.