Sauti ya Wakili Kwenye Ukungu wa Ibaba

Jamani, nianze kwa kukiri kwamba hadi leo nikiikumbuka siku ile ya Ibaba najifunika kanga usoni hata nikiwa peke yangu chumbani, kwa hiyo mkicheka, chekeni taratibu.

Mnanijua mimi. Duka langu la vitenge liko hapahapa Tunduma, na wateja wakipungua naweka hedifoni masikioni naondoka zangu, mwili unabaki kwenye stuli lakini mimi sipo. Kuna yule mzee wa podikasti ya historia anayesimulia misafara ya zamani polepole utadhani anamenya chungwa, kuna blogu ya yule dada wa sanaa anayeweza kuandika wiki nzima juu ya rangi ya bluu ya ukuta mmoja tu (na mimi naisoma yote, narudia), kuna wale vijana wawili wa mila na tamaduni wanaobishana mpaka nacheka peke yangu, halafu juu ya wote kuna wakili wangu, mama mmoja ana sauti nzito tamu, akikusomea kifungu cha sheria unahisi anakubembeleza ulale. Mteja kutoka ng'ambo ya mpaka anaweza kusimama mbele yangu anaita "bamayo, bamayo," yaani mama, mpaka anigonge begani ndiyo nashtuka.

Basi mchumba wangu, Ambakisye, akanipeleka kwao Ibaba, kule juu Ileje, maana baba yake na baba zake wadogo walikuwa wanakaa kikao cha kupanga tarehe ya harusi. Tarehe hiyo nilikuwa nimeisubiri mpaka nachoka kuulizwa na watu. Mama yangu alikuwa haulizi tena, anaguna tu, na mguno wa mama yangu mnaujua.

Tulipofika, wifi yangu Tumpe akanikalisha jikoni akanipa somo. Kwao, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe, hata kama ni mchumba tu. Hamtazamani, hamsalimiani, hampishani njiani.

"Yeye akija anakohoa tangu mbali," Tumpe akasema. "Ukisikia kikohozi tu, wifi, toka njiani, chuchumaa, mpe mgongo mpaka apite. Ndiyo heshima yenyewe."

Nikasema hilo tu? Mbona jepesi.

Asubuhi nikajitolea kwenda kuteka maji (sifa zangu hizo, nionekane mkwe mchapakazi), na nikiwa natoka nikajiambia nisikilize kidogo tu njiani, sikio moja, nani atajua? Nikapitisha waya chini ya kilemba, simu nikaisokomeza kifuani. Nilipofika kisimani sikio la pili lilikuwa linaona wivu, nikaliwekea nalo.

Sasa nyie hamuujui ukungu wa Ibaba. Unatembea huoni hata miguu yako, matuta ya viazi yanatokea na kupotea, miti inakuwa kama imechorwa halafu mtu akaifuta kidogo na kidole, baridi inakugusa mashavu, na mimi narudi na ndoo imejaa kichwani, masikioni mzee wangu wa historia anasimulia wapagazi wanaopanda milima wakiimba, nikawa naenda nao, naapa nilikuwa nawaona, naonja mpaka vumbi lao. Kwa hiyo alipotokea mbele yangu mwanamume mmoja mrefu mwenye koti refu, sikushtuka hata kidogo. Kichwani mwangu alikuwa mmoja wa msafara. Nikamtabasamia! Tabasamu zima, meno yote, na nikainamisha kichwa kumsalimu, nikasahau kwamba juu ya kichwa hicho kuna ndoo.

Maji yote yakamwishia kifuani.

Hapo ndipo nikaona sura, sura ya Ambakisye ikiwa na mvi. Mama yangu! Nikageuka nichuchumae nimpe mgongo kama nilivyofundishwa, waya ukanasa kwenye mkono wa ndoo, ukachomoka. Simu za wenzangu waya ukichomoka zinanyamaza, ya kwangu ndiyo inapata nguvu. Na kipindi cha historia kilikuwa kimeisha sasa hivi, kikaingia chenyewe cha wakili wangu, na kutoka kifuani mwangu, katikati ya ukungu, sauti nzito ikatangaza: "Mwanamke, kabla hujaingia kwenye ndoa hiyo, je, unajua siku ikivunjika utaondoka na nini?"

Mzee akakohoa (maskini, tangu mbali alikuwa anakohoa, sasa ndiyo namsikia), akaanza kusema kitu, nadhani alikuwa ananipa pole, na mimi nimechuchumaa kwenye viazi vya watu, mkono mzima kifuani natafuta kitufe, nikafoka kwa nguvu zangu zote:

"Nyamaza wewe! Umeshaniharibia!"

Nilikuwa naiambia simu. Lakini nani wa kumweleza? Mimi siruhusiwi kuongea naye. Nikasikia hatua zake zinaondoka, chwa, chwa, viatu vimejaa maji.

Niliporudi nyumbani habari ilikuwa imenitangulia. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mwanangu, umemmwagia baba maji, ukamcheka, ukamwambia anyamaze?"

"Mama, si yeye, ni simu."

"Na huyo anayekufundisha kuvunja ndoa, ni shangazi yako?"

Nikalia. Si kwa ujanja, nililia kweli, maana niliiona harusi yangu inayeyuka. Ambakisye akatafuta jogoo wa kuomba radhi, Tumpe akampelekea baba yake maelezo yangu yote, podikasti ni nini, wakili ni nani, na mimi nikabaki jikoni nimeegemea ukuta, upande wa pili wazee wanaguna. Mara Tumpe akarudi, mkono ameunyoosha.

"Baba anataka hiyo simu."

Wakaiweka dirishani. Sauti ya wakili wangu ikajaa nyumba ile, tamu ileile, mali ya mume, mali ya mke, shamba alilolima nani, na kila alipomaliza jambo wazee wanabishana kwa Kindali, wanaanza tena kusikiliza, baba mkwe sauti yake juu ya wote, na moshi wa jikoni unanizunguka, nikasinzia kabisa nikiota nimeshaolewa.

Mama mkwe akanigusa bega. Alikuwa anatabasamu.

"Baba amekusamehe. Anasema wewe ni mke wa nyumba hii."

"Asante, mama! Na tarehe?"

"Tarehe watapanga wakishasikia sehemu ya pili. Huyo mama amesema ipo."

Ipo, ndiyo. Ila wakili wangu hutoa kipindi siku akijisikia, na hadi leo ninavyowasimulia hajajisikia. Kila asubuhi nafungua duka, nafungua simu, hakuna kitu. Mama yangu amerudia kuguna. Naapa, nikiitwa tena Ibaba, njia nzima nitakwenda na masikio yangu mawili wazi, nikisikia hata mbuzi anakohoa nachuchumaa.