Korongo aliyekatwa pichani

Saa mbili asubuhi, Burulcha Asankojoeva anambembeleza mzee mmoja ambaye hataki kuvua kofia yake ya sufu ili apigwe picha ya pasipoti. Mzee anadai bila kofia hata mkewe hatamtambua.

"Mkeo haketi mpakani, baba," Burulcha anamjibu. Mzee anacheka, anaivua, na kamera inalia.

Ndiyo kazi ya kila siku katika studio yake ndogo mjini Kochkor, nchini Kirigizistani: pasipoti, harusi, watoto wanaoanza shule. Lakini majira ya joto, anapopata nafasi, Burulcha hupanda hadi ziwa Song-Kol kupiga picha za ndege.

Juni iliyopita alirudi na picha ya korongo wa kijivu aliyelalia mayai. Aliipeleka kwenye chama cha wapiga picha, ambako wanachama huchambuana bila huruma. Safari hii hawakupata kasoro. Mwalimu Satarkul, kiongozi wao, alisifu mwanga na lile jicho jekundu lililotoka kali kama kaa la moto, akataka iende kwenye maonyesho ya picha mjini Naryn.

Jioni hiyo Burulcha alimsimulia baba yake, Mamyrkan, aliyechunga kondoo maisha yake yote na sasa haoni. Ni desturi yao: binti anaeleza picha, baba anauliza maswali.

Aliuliza upepo ulitoka wapi, nyasi zilikuwa na urefu gani. Kisha akauliza, "Na mwenzake yuko wapi?"

Burulcha alijibu kwamba korongo ni mmoja tu.

"Hawa hawaachani kwenye kiota, mwanangu. Hebu tazama tena."

Ndipo alipokumbuka kwamba picha ile aliikata upande wa kushoto, kwa kuwa kulikuwa na kitu kilichomchafulia nyasi. Alifungua kompyuta akaitazama nzima. Kile alichokidhania ni uchafu kilikuwa korongo wa pili, ameinama, bawa moja limelala chini kana kwamba limevunjika.

Alimweleza baba yake. "Hajavunjika," mzee alisema. "Anakuvuta umfuate yeye, umwache mkewe. Ulisogea mno."

Mzee alimweleza pia kwamba korongo akisumbuliwa sana anaweza kuyatelekeza mayai. Burulcha anasema hakupata usingizi. "Picha ile ile niliyoipenda, sikuweza tena kuitazama. Jicho nililosifiwa lilikuwa jicho la mama mwenye hofu."

Kulipokucha alifunga studio, akaomba lifti ya lori hadi ziwani. Hakukikaribia kiota. Alilala kifudifudi juu ya kilima kilicho mbali, akiwa na darubini ya kuazima, na kwa muda mrefu hakuona kitu ila nyasi. Alikwishakata tamaa pale shingo ya kijivu ilipoinuka. Ndege akasimama, akayageuza mayai kwa mdomo, akakaa tena.

"Nililia pale pale, nimejaa matope," anakumbuka.

Picha hakuipeleka Naryn. Mwalimu Satarkul alinuna, akasema hakuna mtu ambaye angejua. "Nikamwambia, baba yangu alijua bila hata kuiona." Mwalimu hakuzungumza naye hadi vuli. Siku hizi, picha ya kiota ikiletwa chamani, Mwalimu huyo huyo ndiye wa kwanza kuuliza ilipigwa kutoka umbali gani.

Korongo watarejea majira ya kuchipua, na Burulcha anataka kuwapiga picha wote wawili, kwa mbali, hata wakitoka wadogo. Baba yake ameshatangaza kwamba atakwenda naye. Majirani wanamtania: kipofu anakwenda kutazama ndege?

Mamyrkan anapuliza chai yake, hana haraka. "Yeye atatazama, mimi nitasikiliza," anasema. "Nikisikia sauti yao imebadilika, tunarudi nyumbani."