Upande wa Pili wa Kochi

Mama mdogo wangu ni fundi wa makochi, na kazi hiyo imemfanya asimwamini mtu. Msimlaumu. Anayepasua makochi ya watu maisha yake yote hujionea mambo. Amekuta magazeti mahali palipotakiwa kuwa na sponji, amekuta mbao za kasha la sabuni mahali palipotakiwa kuwa na mbao ngumu, na safari moja alikuta soksi za kiume ndani ya kochi la nyumba isiyo na mwanamume. Mwenye kochi akasema hajui zimeingiaje. Mama mdogo alizikunja vizuri, akamrudishia, akasema na yeye pia hajui.

Mimi nauza vitambaa duka la pili kutoka karakana yake, kwa hiyo shuku zake zote hunifikia zingali moto. Sponji hainunui mpaka aikalie kwanza. Hata mimi, mtoto wa dada yake wa damu, nikimpimia kitambaa hukipima tena mbele ya macho yangu, kisha ndipo huniuliza kama mama hajambo.

Mumewe, baba mdogo, alikuwa msoma mita za maji. Kazi yake ilikuwa kubisha hodi kwenye nyua za watu, kuinama, kusoma mita na kuondoka. Mama mdogo hakuipenda kazi hiyo hata kidogo. Alisema hakuna mwanamume mjini anayejua milango mingi kama mumewe. Mzee alipostaafu na kuanza kushinda nyumbani, mama mdogo alishusha pumzi. Basi ndipo mzee akaleta kochi.

Lilikuwa kochi la zamani la watu wawili, dogo, mgongo umechongwa maua, miguu ya mbele imejikunja, springi zimefungwa kwa kamba kwa mtindo ambao mafundi wa leo hawana subira nao. Alisema amelipata kwenye nyumba moja ambako watoto walikuwa wanaondoa vitu vya wazazi wao. Mama mdogo akataka kujua nyumba ipi, wazazi wepi, na imekuwaje mtu ambaye hajawahi kununua hata kijiko kwa hiari yake aamke asubuhi akumbuke makochi, tena ilhali ameoa fundi wa makochi. Baba mdogo akasema amelipenda tu. Jibu hilo ndilo lililoharibu mambo. Sebule yao ilikuwa tayari na seti kubwa aliyoitengeneza mama mdogo mwenyewe, kila mtu na kiti chake, mke karibu na mlango, mume kule ukutani.

"La watu wawili," aliniambia dukani. "Na huyo wa pili ni nani?"

Nikamwambia ni yeye. Akanitazama kwa huruma, utadhani mimi ndiye niliyeolewa na msoma mita.

Hata hivyo alilitengeneza, maana hawezi kulala nyumba moja na springi zilizolegea. Alilivua lote likabaki mifupa, akafunga springi upya, akatandika gunia, akalivika mahameli ya rangi ya damu ya mzee niliyomkatia mimi. Nasema kweli, lilipendeza. Baba mdogo akaomba liwekwe chini ya dirisha, kwa kuwa ukuta ule ni mfupi na seti kubwa haikuwahi kuenea pale. Pembeni akaweka redio yake. Mama mdogo alikubali, ila kwanza alichungulia nje aone dirisha linatazama kwa nani.

Sasa, mahameli ina tabia yake. Ukiipiga brashi inalala yote upande mmoja, na mtu akikaa, pale alipokaa panabaki na kivuli mpaka upige brashi tena. Kila asubuhi kabla ya kwenda karakana mama mdogo alilipiga brashi kochi lote. Jioni akirudi, hata viatu hajavua, alikwenda kulikagua. Yeye mwenyewe hakulikalia hata mara moja, asije akaharibu ushahidi. Alikula kwenye kiti chake cha siku zote karibu na mlango, akimwangalia mume kule dirishani kwa jicho la pembeni, kisha akaenda kulala.

Mwanzoni alama ilikuwa upande mmoja tu, anapokaa baba mdogo, na moyo wa mama mdogo ukatulia. Halafu jioni moja alikuta alama pande zote mbili. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa.

Alikuja dukani uso umemshuka. Nikasema labda ni paka. Akaniuliza paka gani mwenye makalio yale. Nikasema labda jirani amepita kusalimia. Akasema mgeni huacha kikombe, na yeye kila siku anakuta kimoja tu, maana yake cha pili kimeoshwa, na mwanamume anayeosha kikombe bila kuambiwa ana jambo. Kumbe alikuwa ameshaipima ile alama kwa tepu yake ya kazini. Upana wa upande wa pili ulilingana na wa upande wa kwanza, haukupungua wala haukuzidi.

"Amejitafutia mwanamke wa saizi yake," alisema.

Ningecheka, lakini macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa ameshapeleka godoro karakana. Alisema akimfumania hatapiga kelele wala hatashikana mashati na mtu, atahamia huko na cherehani yake na ndoa itakuwa imekwisha. Nikaogopa, maana namjua. Muuza misumari aliyemdanganya zamani, hata mtaa wake mama mdogo hapiti tena. Nikamwomba walau amuulize mumewe kwanza. Akasema ukimuuliza mshukiwa umempa nafasi ya kujipanga.

Akanitaka nimsindikize, niwe shahidi. Tukaenda mchana, tukaingia kwa mlango wa jikoni, watu wazima wawili tumeshika viatu mkononi. Sauti ya mwanamke ikasikika sebuleni. Mama mdogo akanibana mkono mpaka kucha zikaingia. Alikuwa mtangazaji wa redio, anasoma habari.

Baba mdogo alikuwa peke yake. Alikaa upande wa pili wa kochi, wima, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Mama mdogo hakumsalimia. Aliingia chumbani akafungua kabati, akatoka, akaenda bafuni, akarudi akapekua nyuma ya mapazia aliyoyashona mwenyewe. Mzee alimfuata kwa macho tu. Mimi nikamwamkia shikamoo kwa sauti ndogo, akaitikia marahaba, akaniuliza kama kuna msiba. Nilitamani ardhi inimeze na viatu vyangu.

Mama mdogo akaja kusimama mbele yake.

"Nani anakaa hapo?"

"Mimi."

"Na pale pengine?"

"Mimi pia. Asubuhi nakaa pale, mchana nahamia huku."

"Kwa nini uhame? Kuna nini huku?"

Baba mdogo alizima redio. Alionekana ameona haya, mzee mzima.

"Si wewe mwenyewe unawaambia wateja? Kochi la wawili likikaliwa upande mmoja tu, ule upande unabonyea, na mwisho fremu inapinda. Nililileta ili tukae wote. Naona hulitaki, kila siku unakaa mlangoni. Nikasema basi, acha niukalie na upande wako, kazi yako isiharibike."

Nilidhani mama mdogo atatafuta kosa ndani ya maneno hayo, kwa kuwa sijawahi kumwona akipokea kitu bila kukigeuza chini juu.

"Mimi nilidhani una mtu," alisema.

"Ninaye," akajibu baba mdogo. "Ila anashinda karakana."

Mama mdogo alimgusa bega asogee, akakaa, mzima mzima, kwenye ule upande wake. Mimi nikavaa viatu vyangu nikaenda kufunga karakana.