Mwezi Alioushuhudia Ghausuddin

Jirani yangu Ghausuddin alikuwa msoma mita wa shirika la umeme, na umeme wenyewe Kabul ulikuwa umekatika tangu wapiganaji walipoanza kugombea mji mtaa kwa mtaa. Hilo halikumzuia. Alivaa koti lake la kazi, akabeba mfuko wake wa ngozi, akapita nyumba kwa nyumba kusoma mita zilizosimama.

"Bi Adela," ananiambia, "mita yako iko palepale."

"Ahsante kwa habari," namjibu. "Nilidhani imekwenda Hija."

Hacheki. Anaandika, anakwenda zake. Mimi nilikuwa na tanuri uani, wanawake wa mtaa wananiletea madonge yao ya unga niwaokee mkate, kwa hiyo habari zote zilipita kwangu pamoja na unga. Lakini habari za Ghausuddin sikuhitaji kuletewa. Paa lake na langu yamepakana, ukuta mmoja.

Nyota alizianza zamani, kabla ya haya yote. Alisugua kioo kwa mikono yake msimu mzima wa baridi, mkewe Bilkis akilalamika kwamba nyumba imejaa unga wa mchanga hadi kwenye wali. Akakitia kile kioo ndani ya bomba la bati, lile la kutolea moshi wa jiko, na hiyo ndiyo ikawa darubini yake. Ilionyesha kila kitu kichwa chini. Nilipomwambia amekosea kuunda, akasema kwa nyota haidhuru, nyota haina kichwa wala miguu.

Ila mtaa ulichachamaa. Kwetu mwanamume hapandi paani kimyakimya. Anapiga kelele kwanza, "Yaallah! Yaallah!", ili wanawake walio uani wajistiri au waingie ndani. Na huyu sasa anapanda na bomba la kuvutia vitu vya mbali karibu! Waume walikuja mlangoni kwake wamevimba. Muuza nyama wa pembeni alisema ataivunja darubini, na baada ya darubini atamvunja mwenyewe. Ghausuddin hakubishana. Alijenga ukuta wa udongo kuzunguka kona yake ya paa, mrefu kumpita kichwa, hata akisimama humo haoni nyumba ya mtu, anaona mbingu tu. Tena akaapa msikitini mbele ya Mulla Samandar kwamba bomba lake halitateremka chini ya vilele vya milima. Watu wakanyamaza. Muuza nyama akaja kuomba aonyeshwe Zohali na pete yake.

Binti yake Parwin ndiye aliyekulia ndani ya ukuta ule. Jina lenyewe ni la nyota, kile kishada cha Kilimia. Baba na mtoto walikuwa wakipanda pamoja, yeye anamtajia nyota, na mtoto anazirudia kwa sauti hadi mimi nililala nikiwa nazijua bila kutaka. Alipoolewa akaenda ng'ambo ya mto, kwenye nyumba zinazopanda ubavu wa mlima wa magharibi. Kwa miguu ni mwendo wa kuchosha kidogo tu. Vita vilipokuja, mto ukawa mpaka. Sisi tukawa chini ya kamanda mmoja na wao chini ya mwingine, bila kuulizwa.

Umeme ulipokatika nyota zilijaa juu yetu kwa namna ambayo hatujapata kuona. Muuza nyama akamtania, "Haya, umefurahi sasa? Si uliomba taa zizimwe?" Ghausuddin akasema, "Niliomba. Sikusema zizimwe hivi." Lakini alipanda. Roketi zikivuka, anangoja zipite, kisha anarudisha jicho. Mara moja ilianguka jirani, vumbi likamjaa mdomoni, akateremka akafuta kioo, akapanda tena. Watu walisema ni ushujaa. Haukuwa ushujaa. Mimi namjua, kwa sababu na mimi nilikuwa hivyohivyo. Siku walipomleta mwanangu Wali kwenye mkokoteni wa mboga, amefunikwa uso, nilimaliza kwanza kutoa mikate iliyokuwa tanurini. Nilitaka kulia, nikatafuta kilio ndani yangu, sikukipata. Nikasema basi, labda kesho.

Sasa nieleze Ramadhani ile.

Wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekubaliana kwamba mwezi ukiandama bunduki zinyamaze siku tatu za Idi, na watu waruhusiwe kuvuka daraja. Makamanda waliapa. Waliapa kwa sababu hata vijana wao walitaka Idi, na kamanda anayempigisha mtu vita siku ya Idi ataamka peke yake. Msikiti ukishatangaza, mambo yamekwisha.

Alasiri ya mfungo wa ishirini na tisa dereva wa kifaru alikuja mlangoni kwangu kuchukua mikate ya kufuturu. Jitu la ndevu, jina lake Torialai, mdomo haumfungiki. Ghausuddin naye alikuwa pale nje ya pazia anangoja mkate wake.

"Mama, kesho niongezee," anasema Torialai. "Kesho kuna kazi."

"Kazi gani mwisho wa mfungo?"

"Tunawapiga ng'ambo, zile nyumba za mlimani. Alfajiri hadi watoke. Kamanda anataka ule ubavu kabla ya Idi, maana Idi ikiingia hatuwezi tena."

"Na mwezi ukiandama leo?" nikamuuliza.

"Ukiandama leo tumepona sote!" Akacheka. "Mimi nitalala hadi mchana. Ombeni uandame, mama."

Akaondoka na mikate yake kifuani. Nikachungulia kwenye pazia. Ghausuddin alikuwa amesimama vilevile, mkono umenyooka kupokea mkate ambao sijampa.

"Jirani," nikasema, "utaandama?"

"Hapana."

"Angalia vizuri bwana, wewe na mahesabu yako."

"Dada, leo unazama pamoja na jua. Nyuma ya mlima. Hata malaika hauoni. Ni kesho."

Nyumba za ubavuni. Parwin yuko kule, na mtoto mchanga ambaye babu yake hajamtia machoni. Nikampa mkate, akauweka kwenye mfuko wa mita, akaenda.

Mnaojua kugombana juu ya mwezi mtanielewa. Mtaa wetu kila mwaka uligombana, huyu kauona, yule kaona kipande cha wingu. Ila juu ya Ghausuddin hapakuwa na ugomvi. Mwaka mmoja nusu ya msikiti ilikula kiapo kwamba imeuona, mikate ya Idi tayari iko tanurini kwangu, yeye peke yake akasema hapana, ile ni Zuhura. Kaka yake mwenyewe alimnunia hadi Idi Kubwa. Hakubadilisha neno. Tangu siku hiyo Mulla Samandar hatangazi kabla ya kumuuliza, na kamanda naye alikuwa amesikia sifa hizo. Alisema msoma mita akiuona, yeye atakubali.

Jua lilipokaribia kutua uchochoro ulijaa wanaume. Mulla akapanda na Ghausuddin paani, na muuza nyama, na wengine wachache, pamoja na mtu wa kamanda mwenye redio ya mkononi. "Yaallah! Yaallah!" wakaita, nami nikajifunga shela, nikapanda kwangu, nikakaa nyuma ya ukuta, penye ufa wa kuchungulia. Bilkis alikuwa karibu nami. Alinishika kiwiko na hakukiachia.

Magharibi yote ilikuwa nyuma ya ule ukuta wa udongo. Ghausuddin akachukua nyundo, akauvunja upande mmoja hadi kifuani. Mulla akamwambia, "Mwanangu, wadunguaji wa mlimani watakuona." Akasema, "Nimesikia." Akaweka bomba juu ya matofali, akalilaza. Kwanza lilitazama juu ya mlima. Kisha nikaona mdomo wa bomba unashuka, taratibu, hadi chini ya kilele. Muuza nyama alikuwepo siku ya kile kiapo. Alitazama pembeni.

Akatazama kwa muda mrefu. Adhana ikaingia, watu wakafuturu kwa tende na maji, yeye hakuondoa jicho. Mtu wa kamanda akakohoa.

"Haya?" akauliza Mulla.

Ghausuddin akasimama wima. Uso wake haukuwa na kitu chochote, ni uso uleule wa kuniambia mita iko palepale.

"Nimeuona," akasema.

"Umeuona?"

"Umeandama. Nashuhudia."

Mulla akamtazama, nadhani kwa muda wa kusoma Fatiha. Hakuomba kuchungulia kwenye bomba. Mtu wa kamanda alipotaka kuchungulia, Ghausuddin akasema umekwisha kuzama. Hapo muuza nyama akapaza sauti, "Hata mimi nimeuona! Kwa macho matupu!" Na palepale wakauona watu sita, mmoja wao ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Mulla akasema ushahidi umetimia. Redio ikakoroma, msikiti ukatangaza, na ng'ambo wakaitikia kwa msikiti wao. Torialai alifyatua bunduki hewani kwa furaha, kamanda wake akamtukana kwa kupoteza risasi.

Bilkis akaniachia kiwiko. "Ameuona," akaniambia. Nikamwambia ndiyo, ameuona.

Kesho yake alfajiri nilikaa macho kusikiliza. Hakuna kitu. Mbwa tu. Ungetegemea nifurahi, na nilijua kwamba hapa ndipo mtu anafurahi, lakini niliwasha tanuri kama kawaida.

Parwin alivuka daraja asubuhi na mumewe, mtoto mgongoni ndani ya blanketi. Uchochoro mzima ulitoka. Bilkis alipiga kelele hadi sauti ikakatika. Ghausuddin akasimama mlangoni, akasema, "Mmefika," utadhani wametoka sokoni. Parwin akambusu mkono. Akampokea mtoto, akamtazama, akamrudisha.

"Hata tabasamu, Baba?" Parwin akamuuliza.

"Litakuja," akasema. "Ingieni, chai inapoa."

Mchana nikawapelekea sahani ya vileja na tambi za maziwa. Wote walikula, hata yule mchanga alilambishwa kidole. Ghausuddin akaipokea sehemu yake, akashukuru, akaiweka kando. Nikakaa makusudi. Chai yake ikapoa. Kileja akampa mkwewe. Nikamwambia, "Jirani, Idi hailiwi kwa macho," akasema tumbo linamsumbua. Midomo yake ilikuwa imekauka, nami nimeishi karibu na wafungaji maisha yangu yote. Mtu yule alikuwa amefunga. Sisi tuko Idi, yeye yuko mfungo wa thelathini, peke yake. Mimi siku ile nilikula na nilishiba, na mtu yeyote asiniulize kama najuta.

Jioni kila mtu alikuwa nje, kwa sababu mara moja tu mtu aliweza kusimama uchochoroni bila kubana ukuta. Jua likatua nyuma ya mlima. Na mwezi ukaonekana.

Mwezi wa usiku wa pili unakuwa juu, umenenepa, unakaa. Huu ulikuwa uzi. Ulikuwa umeegemea mlima kabisa na tayari unazama, mwembamba hivi kwamba ukipepesa macho unaupoteza. Mtoto wa darasa la kwanza angejua. Maongezi yakakatika uchochoro mzima. Niliwaona wakitazama, mmoja mmoja, kisha wakitazama viatu vyao. Torialai alikuwepo, na mtu wa kamanda alikuwepo.

Mulla Samandar akakohoa. "Mashaallah," akasema kwa sauti ya mimbari. "Mwezi wa siku mbili."

"Wa siku mbili," muuza nyama akaitikia.

"Wa siku mbili," wakasema wengine, na mimi nikasema. Torialai akasema kwa sauti kuliko sote.

Ghausuddin hakusema. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti na bilauri ya maji mkononi. Adhana ilipoanza aliinywa yote bila kupumzika. Parwin alikuwa amesimama nyuma yake, mtoto begani, anautazama ule uzi hadi mlima ulipoumeza. Akachutama, akamsemesha baba yake chini chini, lakini ukuta wetu ni mmoja na masikio yangu ni mazima.

"Baba. Ule ni wa leo."

"Ndiyo."

"Sasa jana uliona nini?"

Aligeuza bilauri tupu mkononi.

"Nepi," akasema. "Kwenu. Kamba nzima ya nepi, zinaning'inia kichwa chini."