Mhina Alisema Hajambo

Mume wangu Mhina alikufa kwa adabu. Watu hunitolea macho nikisema hivyo, wanadhani nimechanganyikiwa. Waache wadhani.

Alikuwa mkulima wa Mazingara, mpole mpaka anakera. Nyumba ingekuwa inaungua, mgeni angepewa kigoda kwanza. Wangejuliana hali, za safari, za watoto, za mifugo, zote njema, ndipo mwisho Mhina aseme, “Ila nyumba inaungua.” Ndivyo tulivyolelewa sisi Wazigua wa kule, tabu haitangulii salamu. Hata mama yake alipofariki nilimsikia akimwambia shemeji yake kuwa habari ni njema, ila mama hatunaye.

Enzi hizo za Mwingereza kulikuwa na amri kwamba kila nyumba iwe na shamba la muhogo, akiba ya njaa. Mhina alipanda, nguruwe mwitu wakafukua lote. Zumbe, chifu wetu, alipomtuma tarishi wake kukagua, alikuta mashimo. Nguruwe hawakushitakiwa. Barazani wakamfunga Mhina miezi mitatu, akapelekwa gereza moja upande wa Korogwe, na jina lake sitaki liguse mdomo wangu.

Mle walilala wamebanana sakafuni, ndoo ya haja katikati yao, na maji ya kunywa yalitoka bwawa la ng'ombe. Mhina akaanza kuhara damu. Mnyapara akasema ni uvivu, akampeleka kuponda mawe.

Nilikuwa nimefikia kwa jamaa zetu wa Manundu, kule kule Korogwe, nikimpelekea uji ambao mara nyingi ulirudishwa. Askari mmoja, Hiza, mtu wa kwetu, akanivuta pembeni.

“Dada, shemeji anakwisha,” akasema. “Lakini keshokutwa anakuja mkaguzi kutoka Tanga. Huyu si mtu wa gereza, mkuu wetu hawezi kumwamuru. Akiambiwa fulani mgonjwa, hospitali siku hiyo hiyo. Nimeona kwa macho yangu.”

“Mwambie Mhina aseme.”

“Nimemwambia. Amekubali.”

Nikarudi Manundu nikala nikashiba, mara ya kwanza tangu afungwe. Moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa, mjinga mimi.

Yaliyotokea alinisimulia Yordani, manamba wa mashamba ya mkonge aliyefungwa naye. Walipangwa mstari uani. Yordani, ambaye kwao sijui hata wanasalimianaje, alimwambia mkaguzi moja kwa moja, “Bwana, maji yananuka.” Mkaguzi akasimama, akaenda kuyanusa mwenyewe, akaamuru yaletwe ya kisima. Na yakaletwa. Kisha akamfikia Mhina, aliyekuwa ameegemea ukuta.

“Hujambo, mzee?”

“Sijambo, bwana.”

Mhina akangoja. Alingoja aulizwe za nyumbani, za watoto, za shamba, afike kwenye ila yake. Mkaguzi akasema, “Vizuri,” akasogea kwa mwingine. Yordani alitaka kumwita, mnyapara akamkanyaga mguu. Anasema Mhina alibaki amefungua mdomo, akiangalia mgongo wa yule bwana mpaka ulipotoka langoni.

Akafa kabla juma halijaisha. Nilipokwenda kuomba maiti, walikuwa wameshamzika. Mkuu wa gereza hakunifokea, heri angenifokea. Alisema taratibu, “Mama, mumeo aliulizwa mbele yangu. Alisema hajambo.”

Nimechoka kutafuta wa kumkasirikia. Yule mkaguzi alikuwa mtu mwema, aliuliza. Nikimgeukia Mhina, nitamlaumu vipi marehemu kwa kuwa na heshima? Hasira ninayo tele na haina pa kutua.

Nilirudi Mazingara kwa miguu. Njia panda nikakutana na jirani yangu Swaumu, ana mzigo wa kuni kichwani. Nilikuwa nimeapa njia nzima kwamba wa kwanza nitakayemwona nitampigia ukelele.

“Umerudi, mwenzangu. Hujambo?”

“Sijambo,” nikasema.

“Habari za safari?”

“Njema.”

“Za Korogwe?”

“Njema.”

Swaumu akautua mzigo wa kuni chini, akanitazama usoni. Akauliza za jamaa wa Manundu, nikamjibu njema. Akauliza za Mhina, nikamjibu njema. Hapo akangoja.

“Ila hatunaye,” nikasema.