Primula Chini ya Ngazi

Majirani wa ploti yetu hapa Dandora wamezoea kuniona nikipanda sukuma kwenye magunia. Nilipotangaza kwamba sasa nitaotesha primula, maua ya milima yenye theluji, walicheka hadi wakashika mbavu. "Hapa? Na hili jua?" Nikawaambia, mtaniona.

Mbegu nilitumiwa na dada yangu anayefanya kazi Ulaya. Nilizilaza kwenye friji wiki sita, kando ya omena, zidhani ni majira ya baridi. Nikazipanda kwenye udongo kidogo na kokoto nyingi, maana mizizi yake haitaki maji yaliyotuama. Ikachipuka miche tisa. Minane ikafa, na kila ulipokufa mmoja nilizidi kuwa mkali. Ule uliobaki sikutaka uguswe na mtu. Majani yake yalikuwa na unga mweupe, na unga huo ndio unaoyakinga na jua.

Jumamosi moja nilirudi kutoka Gikomba, ninakouza mitumba, nikakuta mama amefanya usafi. Alikuwa amekuja kutoka Kakamega kukaa nami. Vumbi la huku halina likizo, kila nyumba hupanguswa, basi naye alikuwa amepangusa meza, madirisha, na majani ya primula yangu, kwa kitambaa chenye maji.

"Ulikuwa umeuacha mchafu hivi, mwanangu?" akasema akitabasamu.

Wee! Nilimfokea mama yangu mzazi mbele ya majirani. Nilimwambia ameniharibia kazi ya mwaka mzima. Hilo linaniuma hadi leo.

Kufikia Jumatatu majani yalikuwa yameungua kingo. Mama akauhamishia mmea chini ya ngazi, akautundikia leso yake kuzuia jua la mchana, akawa anaupa maji ya mtungini, kikombe kimoja kidogo asubuhi. Hakuniomba ruhusa, nami kwa aibu sikuthubutu kumkataza. Baada ya wiki kadhaa majani mapya yakatoka katikati, na unga wake. Hata nzi hakumruhusu kutua.

Julai, kwenye ile baridi yetu, ua likafunguka. La manjano, katikati jeupe. Ploti nzima ilishuka, na wale waliocheka ndio walikuwa mbele na simu zao wakipiga picha. Kifua kilinijaa, sikatai. Primula, Dandora!

"Kumbe uliweza?" akauliza jirani wa juu. "Ulifanyaje?"

Mama alikuwa amesimama nyuma ya watu wote, kama asiyehusika. Nikamshika mkono, nikamleta mbele.

"Muulizeni mama," nikasema. "Mimi nilichofanya ni kupiga kelele."